Jirani wa kiazi huchaguliwa kwa jembe

Orodha za mimea rafiki zinazosambaa mitandaoni huweka viazi mviringo pamoja na karibu kila kitu kinachoota bustanini: maharage, kabichi, karoti, vitunguu, dhania, maua ya kila rangi. Sababu zinazotolewa huwa mbili. Ya kwanza ni kwamba harufu ya jirani hufukuza wadudu. Ya pili ni kwamba maharage hulisha viazi naitrojeni. Ile ya kwanza ni dhaifu kuliko inavyosemwa, na ya pili haiendi hivyo, kama tutakavyoona. Anayelima viazi kwenye bustani ya Njombe, Uporoto, Lushoto, Meru au Nyandarua afadhali aanzie kwingine kabisa. Aangalie ni mara ngapi ardhi ya kiazi huguswa na jembe, kisha ajiulize ni mmea gani unaoweza kuishi kando ya kazi hiyo.

Hesabu ni hii. Ukipanda mbegu iliyochipua vizuri, yenye machipukizi mafupi na manene ya sentimita moja hadi mbili, mche hutokeza baada ya wiki mbili hadi tatu. Ukifika sentimita 15 hadi 20 unaupandishia udongo mara ya kwanza, na hapo huwa ni kama wiki ya tano tangu kupanda. Wiki mbili au tatu baadaye unapandishia tena mpaka tuta lisimame sentimita 25 hadi 30. Kufikia wiki ya saba au ya nane majani ya mistari miwili yanakutana na kufunga njia, na chini yake hakuna mmea mwingine unaopata jua la kutosha. Kisha, miezi mitatu hadi minne tangu kupanda kutegemea aina, unalichimbua tuta lote. Kwa hiyo jirani ama awe ameondoka kabla ya wiki ya tano, ama awe amekaa mahali ambapo jembe la kupandishia halifiki.

Karoti, ambayo orodha nyingi huisifu, inashindwa mtihani huo mara moja. Hukaa ardhini miezi mitatu, haipendi mizizi yake iguswe, na huwezi kupandishia viazi bila kuifukia. Ipewe tuta lake.

Maharage, na mahali pa kuyaweka

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupanda maharage katikati ya kila mistari miwili ya viazi, kwa sababu siku ya kupanda nafasi ile ya sentimita 75 inaonekana tupu. Si tupu. Ni ghala la udongo wa kupandishia. Wiki ya tano inapofika, mkulima anakuta maharage yameanza kutoa maua pale pale anapotaka kuchota udongo. Akiyahurumia, tuta linabaki fupi. Tuta fupi lina gharama tatu: viazi vya juu vinachomoza juani, vinageuka kijani na kuwa na sumu ya solanini, nondo wa viazi anapitia kwenye nyufa na kutaga mayai karibu na viazi, na mvua inapoosha vimelea vya ukungu kutoka kwenye majani, vinavifikia viazi kabla havijachujwa na udongo. Ghafla bustani iliyoonekana imetumika vizuri inatoa viazi vya kutupa.

Dawa yake ni kutoa mstari mzima wa viazi na kuwapa maharage. Panga mistari miwili ya viazi, kisha mmoja wa maharage, halafu urudie. Tuchukue kitalu cha mita 6 kwa mita 4.5. Mistari ikienda kwa urefu, kwa nafasi ya sentimita 75, inaingia sita: viazi, viazi, maharage, viazi, viazi, maharage. Kwa sentimita 30 kati ya shimo na shimo, kila mstari wa viazi unabeba mashimo 20, jumla 80. Mbegu za ukubwa wa yai la kuku, milimita 35 hadi 55 kwa kipenyo, zitatosha kilo nne hadi tano. Zichimbie sentimita 10.

Samadi iliyooza sawasawa weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mstari wa mita sita. Mbichi usiiguse, kwani huchochea ukurutu kwenye ganda la kiazi na kuleta sota, viwavi wanaokata miche. Mbolea ya kupandia kama DAP ni vizibo viwili vya soda kwa shimo, takriban gramu 11, ikichanganywa na udongo kabla ya kuweka mbegu ili isiyaunguze machipukizi. Maharage hayahitaji hata nusu yake. Yakipewa naitrojeni nyingi, mizizi inalegea kutengeneza vinundu.

Kwenye ule mstari uliowaachia maharage, panda safu mbili zilizoachana sentimita 25, mashimo kila sentimita 15, mbegu mbili kila shimo. Hapo kila safu iko kama sentimita 60 kutoka kwenye viazi, na tuta likishatanuka bado unabaki na njia ya kupitisha jembe. Udongo mwingi wa kupandishia utautoa kati ya ile mistari miwili ya viazi, ambako hukupanda kitu cha kudumu. Chagua maharage mafupi, yasiyotambaa. Yanayopanda miti yatajisokota kwenye mashina ya viazi na kuyalaza, na shina lililolala kwenye udongo wenye unyevu ni mwanzo wa ugonjwa.

Panda vyote siku moja. Maharage yatatangulia kuota kwa wiki moja hivi na kufunika udongo wakati viazi bado viko chini, na huo ndio msaada wake mkubwa kwa viazi: matone ya mvua hayapigi ardhi tupu, udongo haupasuki jua likiwaka, na maji hayateremki mteremko na rutuba. Panapozidi mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, maharage hupata taabu na baridi. Huko njegere fupi hufanya kazi hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo, na haziogopi umande.

Sasa ile naitrojeni. Vinundu vya maharage hukamata naitrojeni ya hewani, lakini sehemu kubwa mmea huitumia wenyewe. Kiazi kilicho jirani hupata kidogo sana msimu huo. Faida inakuja baadaye, mizizi na majani yakishaoza, na anayeila ni zao linalofuata. Kwa sababu hiyo usiyang'oe maharage yakikauka. Yakate usawa wa ardhi, uache mizizi ndani, na maganda matupu uyarudishe kitaluni. Kung'oa kuna ubaya mwingine pia: kunafumua upande wa tuta na kuviacha viazi vya pembeni wazi wiki chache kabla ya kuchimba.

Ukichimbua mzizi mmoja wa harage katikati ya msimu, utajua mengi kuhusu ardhi yako. Kinundu chema kinakaa ubavuni mwa mzizi, kinabanduka kwa kidole, na ukikipasua ndani ni cha pinki. Uvimbe usiobanduka, ulio sehemu ya mzizi wenyewe, ni minyoo fundo. Minyoo hiyo hushambulia viazi vilevile, kwa hiyo kwenye ardhi ya namna hiyo maharage na viazi vinanenepesha adui mmoja, na kitalu kinahitaji nafaka kabla ya kurudishiwa chochote kati ya hivyo viwili.

Kuna jamii ya kunde ambayo naamini inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa: fiwi, ambayo Kenya wengi huiita njahi. Majaribio ya kuchanganya viazi na kunde mbalimbali kwenye miinuko ya Kenya yaliiona fiwi ikihifadhi unyevu wa udongo vizuri huku mavuno ya viazi yakibaki karibu na ya viazi vilivyopandwa peke yake. Mzizi wake huenda chini zaidi ya ule wa kiazi, kwa hiyo hawagombanii tabaka moja la maji. Shida yake ni kutambaa. Ikianza kupanda tuta la viazi, pogoa ncha na uzilaze chini kama matandazo. Fiwi hukaa ardhini muda mrefu kuliko viazi, hivyo utachimba viazi ikiwa bado imesimama. Chimba kuanzia upande wa njia.

Wageni wa wiki tano

Ile nafasi kati ya mistari miwili ya viazi si lazima ikae bure tangu siku ya kwanza. Figili iliyopandwa siku moja na viazi inaliwa baada ya wiki nne au tano, na mchicha ukivunwa mchanga unaondoka wakati huohuo, ingawa kwenye baridi kali huchelewa. Panda mstari mmoja tu, katikati kabisa, na siku ya kupandishia kinachobaki king'olewe bila huruma. Anayesema atasubiri mchicha ukue kidogo zaidi anaisogeza siku ya kupandishia, na mimea ya viazi haimngoji.

Hapa kuna jambo ambalo orodha za mimea rafiki hazilitaji, nalo ni la afya ya mlaji. Viazi vya miinuko yetu hupigwa dawa ya ukungu. Aina kama Shangi, inayopendwa kwa kukomaa haraka, haiwezi kuvuka masika bila kinga dhidi ya bakajani chelewa, ule ukungu unaounguza majani na kuozesha viazi, na wakulima wengi huanza kunyunyizia mankozebu mara mimea inaposimama, wakirudia kila wiki au kila baada ya siku kumi mvua ikizidi. Dawa hiyo haibagui. Inaangukia pia mchicha, saladi, spinachi na dhania vilivyoko kati ya matuta. Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mboga inayochumwa kila jioni haina siku za kusubiri. Kwa hiyo mboga za majani ziondoke kabla ya mnyunyizio wa kwanza, au zisipandwe humo. Kama unataka kuchanganya kwa uhuru, anza na aina ya viazi inayohimili ukungu, kwa mfano Sherekea au Kenya Mpya, ili unyunyizie mara chache.

Warefu

Mahindi na viazi ni ndoa ya zamani, na hukumu yake inategemea joto. Kiazi hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 15 hadi 20, na udongo ukikaribia 30 hukoma kutunga. Kwenye maeneo ya kati yenye joto, kivuli chepesi cha mahindi kinaupoza udongo na kuongeza mavuno. Kwenye baridi ya Kitulo au Kinangop kivuli hichohicho kinaiba jua ambalo kiazi kinalililia, na kinachelewesha umande kukauka asubuhi. Huko mahindi yakae pembeni.

Pembeni ndiko yanakofanya kazi ambayo wachache wanaifahamu. Virusi vya viazi vinavyoitwa PVY husambazwa na vidukari wanaoonja mmea mmoja na kuhamia mwingine, na hubaki mdomoni mwa kidukari kwa muda mfupi tu. Kidukari anayetoka nje akitua kwanza kwenye mahindi, ngano au shayiri na kudunga huko, mdomo wake unasafishika kabla hajafika kwenye viazi. Anayejitunzia mbegu azungushe kitalu kwa safu mbili za nafaka, zipandwe wiki mbili au tatu kabla ya viazi ili ziwe zimesimama viazi vinapoota. Njia hii haifui dafu kwa virusi vya kukunja majani, kwa kuwa kidukari hukaa navyo mwilini maisha yake yote. Mimea yenye majani yaliyokunjamana ing'olewe mapema, na ile yenye afya uifunge kijiti wakati wa maua ili mbegu zitoke kwenye hiyo tu.

Nafaka zikipandwa kwa ukanda mpana, kukingama na upepo unaotawala, hupunguza pia kasi ya bakajani chelewa, kwa sababu vimelea vyake husafiri hewani. Majaribio ya Ujerumani ya kanda za viazi na nafaka yaliona upungufu, lakini mdogo. Usiache kunyunyizia kwa ajili ya ukuta wa mahindi.

Alizeti niiweke hapa ili niiondoe: inanyonya maji na rutuba kwa nguvu, inatia kivuli, na haina inachokirudishia kiazi. Maboga yanatambaa juu ya matuta na kuyafunga yasikauke. Yote mawili yapelekwe mbali.

Harufu, maua na ukweli wake

Kitunguu saumu kina ushahidi kuliko majirani wengine wenye harufu. Majaribio ya Ethiopia ya kukichanganya na viazi yaliona bakajani chelewa ikipungua, hasa pale viazi vilipochukua robo tatu ya nafasi na saumu robo. Kwa kitalu chetu maana yake ni mistari mitatu ya viazi kwa mmoja wa saumu. Saumu huota wima, haitii kivuli na mizizi yake ni mifupi, hivyo inavumilia ujirani huu kuliko kitunguu maji, ambacho hukataa kunenepa kikinyimwa jua. Iweke upande wa jua la asubuhi, na isipandwe karibu kuliko sentimita 50 kutoka kwenye mstari wa viazi. Saumu hukomaa ikichelewa kuliko viazi. Chimba viazi kwa uma, si kwa jembe, upande unaopakana nayo.

Dhania ina faida ya kweli ikiachwa itoe maua. Maua yake madogo meupe hulisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, na inzi wembamba wenye mistari ya njano ambao watoto wao hula vidukari. Ili maua yawepo vidukari wanapofika, ipandwe wiki mbili au tatu kabla ya viazi, kwenye kingo, na sehemu hiyo usiichume.

Marigoldi wamepewa sifa kwa kazi ambayo hawaifanyi wakiwa wachache. Mizizi yao inatoa kemikali inayoua minyoo fundo, lakini pale tu wanapopandwa kwa msongamano kitalu kizima, peke yao, miezi miwili au zaidi, kisha kufuatiwa na zao. Mashina kumi kwenye ukingo ni pambo. Wala hawasaidii dhidi ya minyoo ya viazi inayotengeneza vifuko vya mayai mizizini, ambayo Kenya iliripotiwa mwaka 2015 huko Nyandarua. Mayai yake hungoja ardhini miaka mingi, na bado mzunguko wa mazao ndio silaha. Pareto nayo, inayolimwa miinuko hiyohiyo, huwekwa kingoni ikitarajiwa kufukuza wadudu. Nguvu yake imo ndani ya ua, na inafanya kazi likikaushwa na kusagwa. Likiwa limesimama shambani, wadudu hupita.

Wasiokaa pamoja

Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili hoho, tumbaku na mnavu ni ukoo mmoja na kiazi. Bakajani chelewa huruka kati ya nyanya na viazi kwa usiku mmoja wa ukungu, na mnyauko bakteria huwapata karibu wote. Kuwaweka kwenye bustani moja bila kutenganisha ni kujenga daraja la ugonjwa. Mnavu unaojiotea hung'olewa na watu wachache kwa sababu ni mboga, na ndiyo maana ni hatari zaidi: unabeba bakteria kutoka msimu hadi msimu huku ukionekana mzima.

Mnyauko bakteria unastahili uangalifu kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kiazi, kwa kuwa hauna dawa. Mmea unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, kwanza tawi moja, kisha wote. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka ndani ya dakika chache, ndio huo. Ung'oe mmea pamoja na viazi na udongo unaouzunguka, uufukie mbali na maji, na jembe ulioshe kabla ya kugusa mmea mwingine. Bakteria hupita mizizini, mmea hadi mmea, na hapa majirani wana msaada halisi: majaribio yaliyofanyika Burundi na kuchapishwa mwaka 1987 yalionyesha viazi vilivyochanganywa na maharage au mahindi vikinyauka kwa uchache kuliko vilivyopandwa peke yake, kwa kuwa mizizi ya kiazi haigusani na ya kiazi kingine. Msaada huo ni wa kupunguza kuenea. Mbegu ikija na ugonjwa, hakuna harage litakaloiponya.

Wengi hupanda viazi msimu ujao kwenye mstari uliokuwa wa maharage na kuhesabu kwamba wamezungusha mazao. Mistari hiyo iko sentimita 75 tu, na ulipopandishia na kuchimba udongo ulivuka kutoka mmoja hadi mwingine. Mzunguko ni wa kitalu kizima. Gawa bustani mara nne: viazi na kunde zake hapa, msimu unaofuata mahindi au ngano, kisha kabichi au sukuma wiki, kisha vitunguu au karoti, ndipo viazi virudi. Kama unalima misimu miwili kwa mwaka, hiyo ni miaka miwili tu, na palipoonekana mnyauko haitoshi. Rudia nafaka mpaka ipite angalau mitatu. Muda wote huo viazi maotea vitaendelea kuchipuka kutoka kwenye vile vilivyosahaulika ardhini. Ving'oe pamoja na kiazi mama kila unapopalilia, kwa sababu shina moja la maotea katikati ya mahindi linatosha kuulisha ugonjwa hadi viazi vitakaporudi.